Wanafunzi wetu waruhusiwe kufungua mashine

Kuna neno moja ambalo mtoto wa Kenya hulisikia mapema mno, aghalabu kabla hajajua kushika kalamu: usiguse. Huambiwa usiguse redio, usiguse saa ya baba, usiguse cherehani ya mama. Akifika shuleni hulikuta neno lilo hilo limemtangulia na kumngojea mlangoni pa maabara. Akifika chuo kikuu hahitaji tena kuambiwa, kwa kuwa amekwisha kujifunza kujikanya mwenyewe. Nimefundisha isimu kwa miaka mingi kiasi, na sijapata kuona kikwazo cha elimu kilicho kigumu kuliko mikono ya mwanafunzi mwerevu iliyofungwa nyuma kwa kamba ya adabu.

Nayasema haya kwa sababu ya mashine moja ya kupigia hesabu ambayo mimi na wanafunzi wangu tuliifungua muhula uliopita. Si kikokotoo cha betri kama hivi vinavyouzwa madukani. Ni mashine ya chuma, ya aina ya Original-Odhner, iliyoundwa Göteborg nchini Uswidi, isiyojua umeme. Ina vishikio vidogo 10 upande wa mbele, kila kimoja kikiteleza katika mfereji wake kutoka 0 hadi 9. Ina vidirisha 13 vya kuonyesha jibu na vingine 8 vya kuhesabu mizunguko; na upande wa kulia ina mkono wa kuzungusha. Ukizungusha mbele hujumlisha, ukizungusha nyuma hutoa.

Mashine hiyo ilikuwa ya kazi ya baba yangu. Alikuwa karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa katika miteremko ya Mlima Kenya, na katika miaka ya 1980, nikiwa mtoto mdogo, nilikuwa nikikaa chini ya meza yake siku za malipo. Wakulima walipanga foleni dirishani, kila mmoja na kijitabu chake cha kilo. Baba alisoma kilo, akasukuma vishikio, akazungusha mkono, akasoma jibu kwa sauti. Mwenye kijitabu aliondoka na jibu hilo, apende asipende.

Siku moja mzee mmoja hakuondoka. Aliinama dirishani akauliza, "Karani, hicho chuma kinajuaje?"

Baba akamjibu kwa heshima, "Mzee wangu, mashine haidanganyi."

"Sikusema inadanganya, mwanangu. Nimeuliza inajuaje."

Baba hakuwa na jibu. Alimwita aliyefuata. Nakumbuka vizuri jinsi yule mzee alivyobaki amesimama kando ya foleni, kijitabu mkononi, akiitazama mashine kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaribishwa bila kutaja jina lake.

Fauka ya hayo nakumbuka jambo jingine, ambalo kwa miaka mingi sikulielewa. Kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha, baba alikuwa akivisukuma vishikio vyote hadi 9, anazungusha mara moja, kisha anavirudisha vyote kwenye sufuri isipokuwa cha mwisho upande wa kulia, ambacho alikiweka kwenye 1. Akizungusha tena, safu nzima ya tisa iligeuka kuwa sufuri na moja ikachomoza mbele yake. Baba akatikisa kichwa, akafungua dirisha. Nilidhani ile ilikuwa namna ya sala.

Alipostaafu mwaka 1994, chama kilikuwa kimekwisha kuhamia kwenye vikokotoo vya betri. Mashine akapewa yeye, nayo ikakaa sandukuni chini ya kitanda hadi nilipoichukua mwaka jana. Mafuta yalikuwa yameganda kama gundi na mkono haukuzunguka. Nikaona hapa pana somo.

Kabla ya kusimulia tulivyoharibu mambo, sharti niseme kidogo kuhusu ukoo wa mashine hii. Blaise Pascal, Mfaransa, aliunda mashine yake ya kujumlisha mwaka 1642 hajatimiza miaka 20, ili kumsaidia baba yake aliyekuwa msimamizi wa kodi mjini Rouen. (Inanifurahisha kwamba chanzo cha vyombo hivi ni mtoto aliyemwonea huruma baba anayekesha na hesabu za watu.) Leibniz wa Ujerumani akaunda yake katika karne iyo hiyo, ikawa yaweza kuzidisha. Yetu ilibuniwa katika miaka ya 1870 na Willgodt Theophil Odhner, Mswidi aliyekuwa akifanya kazi St Petersburg, Urusi. Baada ya Mapinduzi ya 1917 jamaa zake walihamishia kazi hiyo Uswidi, ilhali Warusi waliendelea kuiunda mashine iyo hiyo kwa jina la Feliks. Kwa hivyo katika ofisi nyingi za dunia, za kibepari na za kisoshalisti, makarani walizungusha mkono ule ule.

Siri ya Odhner ni gurudumu lenye meno yanayojificha. Kwa kila kishikio kuna gurudumu moja, na katika kila gurudumu kuna meno tisa ambayo yaweza kutokeza au kurudi ndani. Ukisukuma kishikio hadi 7, meno saba hutokeza na mawili hubaki yamejificha. Ukizungusha mkono, yale saba husukuma gurudumu la tarakimu hatua saba, na kidirisha huonyesha 7. Kuzidisha ni kujumlisha kwa kurudia, ila kwa akili: kilo 347 kwa senti 65, kwa mfano, hazihitaji mizunguko 65. Unazungusha mara tano kwa mamoja, unasogeza sehemu ya chini hatua moja, unazungusha mara sita kwa makumi. Mizunguko 11 imekupa 22555, yaani shilingi 225 na senti 55. Kugawanya ni kutoa kwa kurudia hadi kengele ilie kukuonya kwamba umepita kiasi. Ndipo unarudi nyuma mzunguko mmoja.

Lakini moyo wa mashine ni pale kumi inapobebwa. Gurudumu la mamoja likitoka 9 kuingia 0, hugonga kidole kidogo cha chuma. Kidole hicho husukuma jino la pekee katika gurudumu la makumi, nalo husogeza makumi hatua moja. Je, makumi nayo ikiwa 9? Basi yenyewe huingia 0 na kugonga kidole cha mamia. Ili jambo hili lifanyike katika mzunguko mmoja tu wa mkono, meno hayo ya kubebea hayakupangwa katika mstari mmoja. Yamepangwa kwa mshazari, kama ngazi inayozunguka mnara, jino la makumi likitangulia, la mamia likifuata, la maelfu nyuma yake. Kila moja humngoja mwenzake wa kulia amalize.

Tuliifungua Jumamosi tatu mfululizo, mimi na wanafunzi sita, kwa bisibisi mbili tulizoazima kwa fundi wa saa na mafuta ya taa ya kulainisha uchafu. Jumamosi ya kwanza ilikwisha kwa aibu: wanafunzi walisimama kuizunguka meza na hakuna aliyenyosha mkono. Nilipomkabidhi mmoja bisibisi aliniuliza, "Mwalimu, je, nikiiharibu?" Nikamwambia imekwisha kuharibika. Ndipo akaanza. Sikuwa nimejua kwamba ruhusa ya kweli ni kuambiwa hivyo.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya furaha. Springi moja iliruka ikapotea na mpaka leo haijaonekana. Fundi wa cherehani sokoni akatukatia nyingine. Tulitoa mhimili, tukayapanga magurudumu kumi mezani, na mwanafunzi mmoja mwangalifu akaandika nambari ya kila gurudumu. Jumamosi ya tatu tukayarudisha. Mkono ukazunguka mwepesi kama wa cherehani mpya. Tukajaribu: 25 na 17, jibu 42. Tukajaribu 68 na 75, jibu 143. Tukajaribu 340 na 52, jibu 392. Makofi yakalia.

Kisha mwanafunzi mmoja, mtoto wa mkulima wa kahawa, akasema tupige hesabu ya mbuni. Nikaweka zile kilo 347 na kuanza kuzungusha, mwenzake akifuatisha kwa kalamu. Mzunguko wa kwanza 347. Wa pili 694. Wa tatu mwenye kalamu akasema 1041. Mashine ikasema 41.

Tulikodoa macho. Shilingi, au senti, au kilo elfu moja zilikuwa zimepotea mbele ya mashahidi saba. Tukafuta, tukajaribu 999 na 1. Jibu likaja 900.

Ilituchukua saa mbili kulipata kosa, na kosa lilikuwa langu. Mwanafunzi aliyeandika nambari alikuwa ameanza kulia, kwenye mamoja, kama hesabu inavyoanza. Mimi niliyerudisha nilianza kushoto, kama maandishi yanavyoanza. Magurudumu yote kumi yalikuwa mazima, yote yalikuwa safi, yote yalikuwa ndani. Ila ngazi ya meno ya kubebea ilikuwa imepinduka. Jino la mamia lilikuwa likipita kabla makumi hayajamaliza, na kumi iliyochelewa ikakosa mchukuzi. Hesabu ndogo, ambayo hubeba mara moja tu, haikugundua lolote. Ni pale kubeba kunapozaa kubeba kwingine ndipo uongo ulipoonekana.

Pale pale nikaijua sala ya baba. Tisa tupu, kisha moja: hakuna jaribio kali zaidi ya hilo, kwa kuwa hulazimisha kila kidole na kila jino kufanya kazi kwa zamu. Mtu aliyemfundisha kazi alimfundisha jaribio bila kumfunulia sababu yake, naye akalitimiza kila asubuhi kwa uaminifu wa miaka mingi.

Sasa, ndugu mwalimu, itazame upya ile mashine yetu kabla ya hesabu ya mbuni. Ilikuwa imefanya mtihani wa maswali matatu na kupata yote matatu. Tungeipa alama A. Tungeipeleka chuo kikuu. Mimi huwapokea kila mwaka wanafunzi wa namna hiyo, na sisemi haya kwa kuwadharau, maana mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao.

Nitatoa mfano kutoka katika kazi yangu. Mwanafunzi aliyepata A ya Kiswahili ataniambia bila kusita kwamba tunasema pikia, fungia na katia, lakini tunasema somea na letea. Nikimwuliza kwa nini si somia, hunitazama kama nilivyomtazama yule mzee dirishani. Ndivyo isemwavyo, Mwalimu. Lakini jibu limo ndani ya neno lenyewe, wala halihitaji kitabu: mzizi wenye irabu e au o huvuta kiambishi kiwe e, wenye a, i au u hukiacha kiwe i. Irabu ya mzizi hugonga kidole, na irabu jirani husogea. Tena kuna kubeba kwa mbali zaidi. Sema tunapika, kisha kanusha: hatupiki. Umeongeza ha mwanzoni kabisa, na tazama, na ya wakati imetoweka na a ya mwisho imegeuka i. Mtoto wa miaka minne hufanya hesabu hiyo bila kukosea. Mwalimu wake humwandikia ubaoni orodha ya kukariri, na hivyo humfunikia kwa bati mashine ambayo tayari iko kichwani mwake.

Sidai kwamba lugha ni mashine. Hakuna mtu awezaye kuing'oa irabu na kuiweka kiganjani, wala kuipaka mafuta ya cherehani. Ninalodai ni kwamba mkono uliozoea kufungua kimoja haushangai kuambiwa ufungue kingine. Wale sita wa Jumamosi, nilipowapa neno hatutawapikia juma lililofuata, hawakuningojea nilichanganue. Walilivunja wenyewe, ha-tu-ta-wa-pik-i-a, kisha mmoja akauliza nini hutokea tukigeuza mpangilio. Wakacheka wenyewe, kwa sababu walikuwa wanajua.

Wakati mwingine hata majina ya hesabu yana ubati wake. Kumi na moja ni neno lililo wazi: kumi, na moja juu yake. Ishirini, tuliyoichukua kwa Waarabu, ni sanduku lililofungwa. Halimwambii mtoto kwamba ndani mna makumi mawili. Mtoto wa Kikuyu asemaye mĩrongo ĩĩrĩ na mtoto wa Kijaluo asemaye piero ariyo huwa ameambiwa siri hiyo na mama yake bila malipo. Mwalimu wa darasa la chini angefaidi mno kama angewauliza watoto wahesabu kwa lugha za nyumbani kabla ya kuwafundisha thamani ya nafasi za tarakimu.

Rafiki yangu mmoja wa idara nyingine alinikejeli. Alisema ninawapotezea vijana wakati kwa kutamani mambo ya kale, ilhali wenzao wa nje wanaunda programu za akili mnemba. Hoja yake ina uzito, na siikwepi. Sitetei kurudi kwenye mkono wa kuzungusha. Karatasi za hisabati za KCSE huruhusu kikokotoo cha umeme, mradi kiwe kimya na kisiwe cha kupangiwa programu, na sioni ubaya wake (Odhner wetu, kwa makelele na kengele yake, angefukuzwa chumba cha mtihani katika dakika ya kwanza). Lakini rafiki yangu hakuona kwamba hoja yake yanisaidia mimi. Programu inayomwandikia kijana insha haina parafujo. Simu inayomwambia mkulima deni lake ni kiasi gani haina kifuniko cha kuinua. Kijana ambaye hajapata hata mara moja kuona kwa macho yake jinsi chombo kizima, safi, chenye kutoa majibu mengi sahihi, kiwezavyo kupoteza elfu moja kimya kimya, ataanzia wapi kukitilia shaka chombo asichoweza hata kukishika?

Mwezi Desemba niliirudisha mashine nyumbani. Baba, ambaye sasa ana miaka 81, aliifuta vumbi kwa kiganja, akaweka tisa zake, akazungusha. Akaweka moja, akazungusha. Sufuri zikaja zote. Nilipokiinua kifuniko alinyamaza kitambo. Alikuwa ameitumia mashine ile nusu ya umri wake wa kazi na hakuwa ameona ndani, kwa kuwa alikatazwa. Aliniuliza ni jino lipi hutangulia. Nikamwonyesha. Kisha akasema, si kwangu hasa, kwamba yule mzee alikuwa ameuliza vizuri.

Basi ninayoyaomba ni machache na bei yake ni ndogo. Afisi na vyama vyenye mashine kuukuu za hesabu, taipureta, saa za ukutani na redio mbovu visiviuze vyombo hivyo kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla ya kuuliza kama kuna shule au chuo cha walimu jirani kinachovitaka. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unasifu sana mwanafunzi kutenda. Basi walimu wapewe ruhusa ya maandishi kwamba chombo kikiharibika darasani katika kutenda huko, mshahara wao hautaguswa. Nimekutana na walimu wengi wanaofunga makabati kwa sababu ya orodha ya mali ya shule, si kwa uchoyo. Na mafundi wa jua kali waalikwe darasani, walipwe posho kama mgeni mwingine yeyote mheshimiwa, kwa maana wao ndio waliobaki wakifungua kila kitu katika nchi hii, nasi twawaita wasiosoma.

Vifaa ni bisibisi mbili, kikombe cha mafuta ya taa, chupa ya mafuta ya cherehani, na kalamu ya kuandikia nambari, mkubaliane kwanza kama mnaanza kulia au kushoto. Meza itandikwe karatasi nyeupe ili springi zionekane. Ikikosekana, gazeti hili likishasomwa litafaa.